Ukoka unakufa kila kiangazi? Anza na udongo na maji, si aina ya nyasi (uzi wa bustani za nyumbani)

#1 MzeeWaReki

Wakuu, habari za muda huu.

Swali linaloulizwa kila siku ni "nipande nyasi gani?" Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kina cha udongo ulio nao. La pili ni lita ngapi za maji utaweza kutoa kila wiki katika miezi isiyo na mvua. Ukishayajua hayo mawili, aina ya nyasi inajichagua yenyewe. Naandika nikitazama Dar na ukanda wa pwani. Wa Arusha, Mbeya, Nairobi na visiwani mtaongeza ya kwenu.

Udongo kwanza. Ujenzi ukiisha, kifusi husawazishwa palepale: vipande vya tofali, zege iliyomwagika, mchanga wa plasta, mifuko ya saruji. Juu yake humwagwa udongo mweusi sentimita 4 au 5, kisha kapeti la nyasi linabandikwa. Masika yote panapendeza. Ikifika Agosti mabaka ya njano yanajitokeza, na ukichimba kwenye baka unakuta pande la zege. Mizizi imefika hapo ikagota. Saruji nayo huongeza alkali kwenye udongo, nyasi zikashindwa kunyonya madini ya chuma hata ukizimwagia mbolea kila wiki.

Kipimo ni rahisi. Loanisha eneo jioni, asubuhi chukua kipande cha nondo ya milimita 10 au 12, kichomeke kwa mkono kila baada ya mita mbili. Kisipozama sentimita 15, weka alama kwa chokaa. Alama zikiwa chache, fukua sehemu hizo tu. Zikiwa nusu ya eneo, ng'oa ufukue lote. Kumwaga mchanga juu yake ni kupoteza hela.

Hesabu: eneo la mita za mraba 100 kwa kina cha sentimita 15 ni mita za ujazo 15. Udongo unaoshushwa na gari umevimba, utatitia, kwa hiyo agiza 18 hadi 19. Na usinunue kwa "tripu". Pima bodi ya gari mwenyewe, urefu mara upana mara kimo cha mzigo, ndipo mzungumze bei.

Udongo mzuri ni tifutifu wenye mchanga. Shika konzi yenye unyevu, finya, fungua mkono: donge libaki, lakini ukiligusa kwa kidole livunjike. Ukiweza kulisokota likawa kamba ndefu, huo ni mfinyanzi. Ule mweusi wa mabondeni unaosifiwa sana mara nyingi ni mfinyanzi, na ndio unaoingiza gugu la ndago uani. Ongeza samadi iliyooza kabisa, tabaka la sentimita 2 hadi 3 (kama mita za ujazo 2.5 kwa eneo la mita za mraba 100), uichanganye kwenye sentimita 15 za juu. Samadi ambayo bado inanuka au ina joto ndani ya rundo isiingie. Ya kuku mbichi ndiyo mbaya zaidi, inaunguza.

Mteremko: sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Tumia kamba na pima maji, macho yanadanganya. Uso wa udongo ukae sentimita 2 hadi 3 chini ya pevingi ili mashine ipite, na usipungue sentimita 15 chini ya DPC ya nyumba (lile tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani). Ukipandisha udongo mpaka kwenye DPC, fangasi na rangi inayobanduka ukutani ndivyo vitakavyokujibu. Ukimaliza, mwagilia kwa wiki nzima, pajaze palipotitia, ndipo upande.

Sasa maji. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kiangazi cha pwani, nyasi za joto zinahitaji takribani milimita 25 kwa wiki. Mita za mraba 100 ni lita 2,500 kwa wiki. Tanki lako la lita 2,000 halitoshi, na hapo hujafua wala hujaoga. Kama maji hayo huna, panda mita za mraba 40, kwingine weka vichaka na changarawe. Nyasi kidogo zilizoshiba zinapendeza kuliko uwanja mzima wenye vipara.

Usitoe hizo milimita 25 kwa kunyunyiza kila jioni. Toa mara mbili kwa wiki, milimita 12 hadi 13 kila mara. Kwenye mchanga mtupu mara tatu, milimita 8 kila mara. Kunyunyiza kidogo kidogo kunaweka mizizi sentimita 3 za juu, mahali jua linapokausha kwanza. Kujua muda wa kumwagilia, tega ndoo ya lita 20 kwenye mpira. Ikijaa kwa dakika moja unapata lita 1,200 kwa saa, yaani mita za mraba 100 utazipa milimita 12 kwa saa moja. Kama una kinyunyizio cha kuzunguka, panga makopo matano au sita ya nyanya sehemu mbalimbali, washa dakika 20, pima kila kopo kwa rula. Tofauti ikiwa kubwa, sogeza kinyunyizio. Mwagilia alfajiri. Majani yakilala na maji usiku kucha yanakaribisha ukungu.

Kukata, mbolea na magugu nitaendelea chini, ulizeni.

#2 Chanika_Kijani

Mkuu umeshusha nondo kwelikweli. Sasa aina? Ninaposikia "kapeti" kila muuzaji ananionyesha jani tofauti.

#3 MzeeWaReki

"Kapeti" ni namna ya kuuza, si aina. Majani yamekatwa na udongo wake kwa vipande, basi. Kwa pwani chaguo la kweli ni haya:

Ukoka wenyewe, yaani Cynodon dactylon, ambao wauzaji wengine wanauita Bermuda. Unavumilia ukame na kukanyagwa, lakini unataka jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku. Chini ya mwembe utakonda mpaka uishe. Urefu wa kukata ni sentimita 2 hadi 4.

Paspalamu ya pwani, Paspalum vaginatum. Hii ndiyo ya watu wenye visima vya maji ya chumvi: Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi. Haivumilii kivuli kizito na ukiipa mbolea nyingi inajaza godoro la mashina makavu chini. Sentimita 2 hadi 4.

Pemba, jani pana, Stenotaphrum. Ndiyo inayostahimili kivuli na chumvi kwa pamoja, lakini haipendi kukanyagwa na watoto wa mpira. Kata juu, sentimita 5 hadi 8. Ukiishusha hadi 3 unaiua.

Kikuyu waachieni wenye baridi. Asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki, na Iringa, Mbeya au Limuru inakua mpaka inakera. Ukiishusha Dar inahangaika.

Kwa bajeti ndogo usinunue kapeti, panda vipando. Mita moja ya mraba ya majani ukiichambua inapanda takribani mita 8 hadi 10. Chagua mashina yenye vifundo vitatu au vinne, piga mifereji kila sentimita 15 hadi 20, laza kipando vifundo viwili viwe ardhini na ncha ibaki juu, kanyagia. Vipando visikae kwenye kiroba zaidi ya siku moja juani. Vinaungua kwa joto lao wenyewe, unapanda maiti. Wiki mbili za mwanzo udongo usikauke juu, hata kama ni kumwagilia mara tatu kwa siku kidogo kidogo. Baada ya hapo punguza mara, ongeza kiasi. Eneo linafunga kwa wiki 8 hadi 12. Panda mvua za mwanzo za masika, katikati ya Machi. Aprili ya mafuriko inasomba kila kitu.

#4 Syokimau254

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku kwetu ni black cotton, ule udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mguu. Nimeambiwa nichanganye na mchanga lori moja. Ni sawa?

#5 BwanaMtaro

Usithubutu, ndugu. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unatoa kitu kigumu kama tofali. Ili mchanga ubadilishe tabia ya udongo huo lazima uwe zaidi ya nusu ya mchanganyiko, na hiyo gharama afadhali ulete udongo mwekundu.

Kwa eneo lako fanya hivi. Kwanza mtaro wa kuzunguka upande wa chini: kina sentimita 40 hadi 50, upana 30, mteremko angalau sentimita 1 kwa mita, weka bomba lenye matundu, kokoto juu na chini yake, kitambaa cha kuchuja kizungushwe ili tope lisiingie. Hakikisha una mahali pa kulitoa hayo maji. Mtaro usio na mwisho ni kisima tu. Pili, legeza uso wa ule mweusi ukiwa na unyevu wa wastani (ukiwa mbichi unafinyangika, ukiwa mkavu jembe linadunda), kisha mwaga sentimita 15 za udongo mwekundu uliochanganywa na samadi. Usiache mpaka mkali kati ya tabaka hizo mbili, chimba ziingiane sentimita chache. Mvua ndefu zikianza, usiutembeze mzigo wa toroli juu yake.

Aina kwa mwinuko huo wa Syokimau, ukoka au nyasi za Cape Royal. Kikuyu itakufaa pia lakini itavuka kila ukingo, itaingia kwenye sukuma wiki.

#6 Mama_Vitalu

Naomba tuongelee ndago. Watu wanang'oa kila Jumamosi na kila Jumamosi zinazidi.

Sababu iko chini. Ndago ina vijiazi vilivyofungwa kwa mnyororo, kimoja baada ya kingine, na kile cha mbele huwazuia wengine kuota. Ukivuta jani mnyororo unakatika, vile vilivyolala vinaamka. Umeng'oa mmoja, wanakuja watatu.

Kama hujapanda bado, una bahati. Sawazisha, mwagilia wiki mbili au tatu, ziache ziote mpaka ziwe na majani 5 au 6 na kabla hazijatoa maua. Kisha piga glaifoseti (dawa ya kuua magugu). Zile za gramu 360 kwa lita, lebo nyingi zinasema mililita 150 hadi 200 kwa bomba la kunyunyizia la lita 20, ila soma ya kwako. Maji yawe safi: ya tope yanaikamata dawa na kuifanya isifanye kazi. Pasiwe na mvua kwa saa 6. Usifyeke siku chache kabla wala baada, dawa inahitaji majani ili ishuke kwenye vijiazi. Subiri wiki tatu, mwagilia tena, zitaota tena chache, rudia. Mara mbili ni lazima, mara tatu ndiyo unapumua. Kisha ndipo uchimbe na kupanda.

Kama nyasi zipo tayari, glaifoseti itaua vyote. Ulizia dukani dawa yenye kiambata cha halosulfuroni. Hiyo inachagua ndago na kuacha ukoka na paspalamu. Inaenda polepole, majani yanageuka njano baada ya wiki mbili hivi. Rudia baada ya wiki 6. Ikikosekana, paka glaifoseti kwa brashi au sponji jani kwa jani. Kwa eneo dogo inawezekana kabisa.

#7 Toroli_Bovu

Mbona mnazunguka? Mwaga chumvi ya mawe au dizeli, ndago kwaheri.

#8 Mama_Vitalu

Na nyasi kwaheri, na mwembe wa jirani kwaheri. Chumvi inavunja mpangilio wa udongo, unashikana, maji hayapenyi, na hapo utahitaji mvua za misimu kadhaa kuisafisha. Kijiazi cha ndago kilicho sentimita 15 chini hakina habari na hiyo chumvi yako. Dizeli inachoma majani ya juu tu, kijiazi kinachipua tena, na kwa wenye visima unaishusha kwenye maji mnayokunywa.

#9 Pweza_wa_Kunduchi

Mleta uzi tupe mbolea. Kwangu ni paspalamu, mita za mraba 180, maji ya kisima yana chumvi kidogo. Kijana wa bustani anamwaga yuria kwa mkono, panaota milia ya kijani na milia iliyoungua.

#10 MzeeWaReki

Milia ni ya kumwaga kwa mkono upande mmoja, na kuungua ni kipimo kupita kiasi. Kiwango cha juu kwa mara moja ni gramu 5 za naitrojeni halisi kwa mita ya mraba. Yuria ina asilimia 46, kwa hiyo ni gramu 11 za yuria, sawa na kilo 1.1 kwa mita 100. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni yenye asilimia 26 au 27, ni kama kilo 1.9. NPK 17:17:17, yenye asilimia 17 ya naitrojeni, ni kilo 3. Kwa mita zako 180 za paspalamu usifike huko, nusu ya kipimo inatosha: kilo moja ya yuria, kila baada ya wiki 6 hadi 8 wakati wa mvua. Kiangazi kikali usiweke kabisa kama maji ni ya shida.

Ili isiwe na milia: gawa kilo hiyo mara mbili, kila nusu ichanganye na ndoo ya mchanga mkavu. Nusu ya kwanza tembea kaskazini kwenda kusini, ya pili mashariki kwenda magharibi. Majani yawe makavu wakati wa kumwaga, halafu mwagilia palepale milimita 5 hadi 6. Yuria iliyobaki juu ya udongo wenye joto inageuka hewa ya amonia na kupotea. Hiyo harufu kali unayoisikia ni hela yako.

Kuhusu chumvi: kila unapomwagilia kidogo, maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Ndiyo sababu maji ya chumvi yanataka kumwagiliwa kwa wingi na kwa nafasi, ili yasukume chumvi chini ya mizizi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimekauka, toa maji mengi mfululizo, milimita 40 hadi 50, uone yanaondoka. Kama yanatuama, tatizo lako ni upenyaji: choma matundu kwa uma wa bustani kina sentimita 8 hadi 10, kila sentimita 10, kisha sambaza mchanga wa mto tabaka la milimita 3 hadi 5 uusukume kwa mgongo wa reki. Kwa mita 100, milimita 5 ni nusu mita ya ujazo, kama toroli 8. Mchanga wa mto, narudia, si wa ufukweni. Majani yaonekane juu ya mchanga ukimaliza. Ukiyafunika yote yatakosa hewa.

#11 FundiMashine

Nichangie kwenye kukata maana hapo ndipo bustani nyingi zinauawa na mtu anayelipwa.

Kanuni ni moja: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Unataka sentimita 4, kata zikifika 6. Zikishafika 12 kwa sababu mlisafiri, shusha kwa awamu, siku 4 au 5 kati ya kata na kata. Ukizinyoa zote siku moja unaona mashina meupe. Jua la saa saba linayachoma na ndago zilizokuwa kivulini zinapata mwanga.

Ile mashine ya kufyekea ya begani yenye nailoni si ya ukoka. Ni ya kingo na mitaro. Mkono hauwezi kushika urefu mmoja, mnapata mabonde na vipara. Tena ile nailoni ikigusa shina la mti mchanga inamenya gome mduara, na mti unakufa miezi baadaye mkisingizia mchwa. Kila mti acheni duara lisilo na nyasi, nusu mita kutoka shinani, mweke majani makavu yasiyogusa gome.

Mashine ya magurudumu: angalia ncha za majani siku moja baada ya kukata. Zikiwa zimechanika na kuwa nyeupe, kisu ni butu. Noa kila saa 20 hadi 25 za kazi, kwenye mchanga wa pwani mapema zaidi. Hatua: chomoa waya wa plagi kwanza, hata kama imezimwa. Ilaze upande ambao kichujio cha hewa na kabureta vinatazama juu, ukikosea oili inaingia kwenye kichujio na mashine haitawaka. Zuia kisu kwa kipande cha mbao, fungua bolti, weka alama upande wa chini. Noa kwa tupa au grainda, nyuzi kama 30, pande zote mbili kiasi kilekile. Kisha ning'iniza kisu kwenye msumari kupitia tundu la katikati: upande unaoshuka ni mzito, punguza chuma upande huo kwa nyuma. Kisu kisicho na mizani kinatikisa mashine mpaka kinapindisha shafti, na shafti ni bei ya nusu ya mashine.

Injini ya viharusi vinne usiichanganyie oili kwenye petroli. Ina oili yake, SAE 30 kwa joto letu, badilisha baada ya saa 5 za mwanzo kisha kila saa 50. Ya begani ya viharusi viwili ndiyo inayochanganywa: 50:1 ni mililita 20 kwa lita, 25:1 ni mililita 40. Fuata iliyoandikwa kwenye mashine. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi imwage. Inaacha gundi kwenye kabureta, na hiyo ndiyo "haiwaki" tunayoletewa kila mwanzo wa vuli.

Majani yaliyokatwa, kama ni mafupi, yaache yaoze palepale, ni mbolea. Yakianguka kwa mafungu, yakusanye.

#12 Chanika_Kijani

Wakuu, mabaka ya kahawia yametokea ndani ya siku tatu, yanapanuka kila asubuhi, na ndege wamejaa uani. Mvua zimeanza wiki iliyopita. Ukungu au wadudu?

#13 Mama_Vitalu

Ndege wamekujibu, ila hakikisha. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita 4 za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba, mpakani mwa pakavu na pabichi. Subiri dakika 10. Kama ni viwavi, vitapanda juu. Ukihesabu vingi, piga dawa. Ukikuta viwili vitatu, waachie ndege.

Wanakula jioni na usiku, kwa hiyo piga jua likizama. Vikiwa vidogo, chini ya sentimita moja na nusu, dawa za bakteria wa Bt zinatosha. Vikishanenepa tumia yenye lambda-sihalothrini, jamii ya Karate, kwa kipimo cha lebo. Kata nyasi kabla ya kupiga, si baada. Usimwagilie siku inayofuata. Watoto na kuku wasiingie mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo uishe. Viwavi wanakula majani, mizizi iko hai. Ukimwagilia vizuri patarudi.

Kama sabuni haikuleta kitu, vuta majani ya kwenye baka. Yakinyanyuka yote bila mizizi, chimba sentimita 5, tafuta mabuu meupe yaliyojikunja. Yakivutika kirahisi kwenye shina na yameoza chini, ni ukungu: punguza maji, acha naitrojeni, fungua hewa.

#14 Pweza_wa_Kunduchi

Na madoa madogo yaliyoungua katikati, pembeni kijani kupita kawaida?

#15 BwanaMtaro

Mbwa. Mkojo wake una naitrojeni nyingi: katikati unaunguza, pembeni unarutubisha. Ukimwona, mwaga ndoo ya maji palepale. Palipokufa, kwangua, jaza udongo, chomeka vipando.

Kuna doa lingine watu wanalihangaikia: mstatili ulionyooka unaokauka kabla ya kwingine. Hiyo ni slebu ya shimo la maji taka, juu yake kuna udongo sentimita 8. Hakuna mbolea itakayotibu. Hapo weka vyungu au changarawe, na utamshukuru Mungu siku gari la kunyonya likija.

#16 MwanaMaweni

Asalaam alaykum. Huku Unguja, ardhi ya maweni, jiwe liko sentimita 20 chini. Nyasi ya Pemba imekamata vizuri ila majani mapya ni njano, mishipa inabaki kijani. NPK imewekwa mara mbili, haijasaidia kitu.

#17 MzeeWaReki

Waalaykum salaam sheikh. Njano ingeanzia majani ya zamani ningesema naitrojeni. Ikianzia machanga na mishipa ni kijani, ni chuma. Jiwe la maweni ni chokaa. Chuma kimo ardhini ila alkali imekifunga. NPK haiwezi kukifungua.

Nyunyiza salfeti ya chuma kwenye majani: gramu 60 kwenye lita 15 za maji kwa mita za mraba 100, asubuhi na mapema au jioni, usimwagilie mpaka kesho yake. Rangi inarudi kwa siku chache, lakini ni ya muda, utarudia kila wiki 4 hadi 6. Njia ya kudumu zaidi ni kuongeza mboji, tabaka la nusu sentimita kila mwanzo wa msimu wa mvua. Majivu ya jikoni na chokaa visiguse hapo kabisa, vinaongeza ugonjwa.

Angalizo: dawa hiyo ikidondokea pevingi, marumaru au ukuta mweupe inaacha madoa ya kutu yasiyotoka kwa sabuni. Loanisha pevingi kwanza kwa maji, ukimaliza zisuuze mara moja kabla hazijakauka.

#18 MwanaMaweni

Shukrani. Na bomba nililopigia dawa ya magugu ya 2,4-D naweza kulitumia kwa hii?

#19 Mama_Vitalu

Usitumie, tafuta jingine. Mabaki kidogo ya 2,4-D yanakunja majani ya mpapai na nyanya, na Pemba yenyewe haiipendi. Bomba la magugu liandike kwa rangi nyekundu, likae peke yake.